Kwanza jicho, penseli baadaye

Nilialikwa kuongea siku ya sayansi kwenye sekondari moja ya kata huku Ilemela, Mwanza, hatua chache tu toka Ziwa Viktoria, na haya ndo niliyowaambia wanafunzi na wazazi waliokuja. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, hata pale nilipozunguka kidogo.

Mwangaluka!

Shikamooni wazee wangu, shikamooni walimu. Marahaba wadogo zangu, marahaba, nimewasikia mpaka wale wa nyuma kule chini ya mwembe. Asanteni kwa kunipokea. Mkuu wa shule kanipa nusu saa na nitajitahidi nisiizidi, maana naona vitunguu vimeshakatwa pale mezani na vikikaa sana vitakauka, na leo hivyo vitunguu vina kazi kubwa kuliko maneno yangu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara. Asubuhi mpaka jioni jicho langu liko kwenye hadubini, wengine mnaiita maikroskopu, ni kitu kilekile. Naangalia damu, mkojo, choo, makohozi. Nimezaliwa na kukulia Kayenze, mama yangu alikuwa anaanika dagaa mwaloni na ada yangu ya shule ilitoka kwenye ndoo za dagaa, kwahiyo nikiongea na watoto wa wavuvi na watoto wa mama lishe naona kama naongea na wadogo zangu wa tumbo moja.

Kabla sijaendelea naomba kuuliza. Nani hapa amewahi kuinamia hadubini akaangalia kitu kwa jicho lake? Nyoosha mkono juu. Sita... saba. Haya, shusheni. Na nani anaweza kunitajia sehemu za seli ya mmea? Eeh, mmeona? Mikono yote iko juu. Sasa hapo ndo penye jambo lililonileta leo.

Niliposoma mimi sekondari, kulikuwa na hadubini mbili, zote zimefungiwa kabatini kwa kufuli. Akija mkaguzi zinatolewa, zinafutwa vumbi, zinapangwa mezani, akiondoka zinarudi kabatini. Miaka minne. Seli tuliijua ubaoni, mwalimu anachora duara anasema hii ya mnyama, anachora boksi anasema hii ya mmea, sisi tunanakili, tunakariri majina, mtihani ukija tunamwaga yaleyale tunapata vema nyingi. Nilikuwa mzuri sana kwenye hilo. Nikafaulu nikaenda chuo, siku ya kwanza ya praktiko tukapewa kitunguu tukaambiwa angalieni mchore. Nikatazama mara moja harakaharaka, nikaona vitu kama matofali, nikainua kichwa nikachora ile seli ya ubaoni, safi kabisa, na mitokondria zake, vile viwanda vya nishati vya seli, kama maharage, na ribosomu, vile vya kutengeneza protini, vidoti vidoti. Mkufunzi akaja akasimama nyuma yangu. Akaangalia mchoro, akainama akaangalia kwenye lenzi, akaniuliza taratibu tu, "Hizi mitokondria umeziona wapi? Nionyeshe." Nikatafuta. Nikasogeza slaidi, kile kioo kinachobeba sampuli, huku na huku nikatafuta tena. Hamna.

Iliniuma, na haikuwa sababu ya maksi. Niliumia kwa kuwa nilikuwa nimezoezwa miaka minne kuandika kitu ambacho sijakiona, na mimi mwenyewe nikaona ni sawa tu, wakati kazi niliyokuwa naiendea ni ya kusoma damu za watu. Fikiria mtoto kaletwa na homa, nikaandika nilichozoea kukiona badala ya kilichopo kwenye slaidi. Kwahiyo wadogo zangu, ombi langu kwenu ni moja, chora ulichokiona. Kama umeona vitatu chora vitatu, kama kitabu kina kumi na wewe umeona vitatu, bado chora vitatu.

Na kwanini sikuziona zile mitokondria? Zipo, kitunguu kinazo. Ila hadubini ya shule, hii ya mwanga, kwa kawaida ina lenzi ya jicho inayokuza mara 10, na chini ina lenzi tatu, ya mara 4, ya mara 10 na ya mara 40. Unazidisha, unapata mara 40, mara 100 na mara 400. Mitokondria upana wake ni kama nusu ya maikromita hadi maikromita moja, na maikromita ni milimita moja uikate vipande elfu. Kwa mara 400, bila rangi maalumu, huwezi kuzitofautisha na vidoti vingine vinavyoelea mle ndani. Ribosomu ndo kabisa, hiyo hata ukuze vipi kwa mwanga haionekani, sababu mwanga wenyewe una kikomo, vitu viwili vikikaribiana chini ya maikromita 0.2 hivi vinaonekana kitu kimoja. Ile michoro ya vitabuni yenye kila kitu ndani imetokana na hadubini za elektroni, ambazo ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1931 kule Ujerumani na akina Ernst Ruska na Max Knoll. Kwahiyo mwanafunzi anayechora ribosomu kutoka kwenye kitunguu cha mezani anasema uongo bila kujua, na mimi siwezi kumlaumu, nimeshafanya hivohivo.

Hii kazi ya kuangalia ilianza na watu wawili ambao nawapenda sana. Wa kwanza ni Robert Hooke, Mwingereza, mwaka 1665 alichukua kizibo cha chupa, kile cha gome la mti, akakikata kipande chembamba kama karatasi akakiweka chini ya lenzi. Akaona vyumba vidogo vidogo vitupu vimepangana kama sega la nyuki, na jina alilovipa ndo hilo likaja kuwa seli, maana yake ni vyumba. Alichoona yeye zilikuwa kuta tu, wenye nyumba walishakufa zamani.

Wa pili ndo wa kwetu zaidi. Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi. Huyu hakuwa daktari wala profesa, alikuwa muuza vitambaa, kama wale wa kule Makoroboi. Alikuwa anajisagia vilenzi vidogo mwenyewe, kimoja kimoja, anakishika karibu kabisa na jicho, na vingine vilikuza mara 200 na zaidi. Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa lililokuwa karibu na mji wake, ziwa la kawaida tu ambalo watu walikuwa wanalipita kila siku, akayaweka kwenye lenzi, na mle akakuta viumbe vidogo vinaogelea, vingine vya kijani vimejikunja kama springi. Hakuna mtu aliyewahi kuviona kabla yake. Akawaandikia wakubwa wa sayansi wa London, na alipowaambia kuhusu vile vidogo zaidi, wengi wakasita. Akafanya nini? Akaita watu wa mji wake, wachungaji wa kanisa na wengineo, waje waangalie kwa macho yao, wakaandika kwa mikono yao kwamba kweli tumeviona. Na mwaka 1677 Hooke yuleyule akawaonyesha wale wa London, nao wakainama wakaona. Yani ubishi uliisha kwa kuangalia.

Baadae wakaja wengine, Robert Brown mwaka 1831 akakipa jina kiini cha seli akiwa anaangalia maua ya okidi, Schleiden 1838 akasema mimea yote ni seli, Schwann 1839 akasema na wanyama vilevile, Virchow 1855 akatilia mkazo kwamba seli inatoka kwenye seli. Hayo mtayasoma. Mimi nataka turudi kwenye kitunguu.

Chukua kitunguu chekundu, hivi vyetu vya sokoni. Kata vipande vinne, bandua gamba moja nene la ndani, lile lenye maji. Upande wake wa ndani, ule uliobonyea kama kijiko, una ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Vunja gamba taratibu, utaona hiyo ngozi inabaki inaning'inia kama karatasi ya nailoni, ivute kwa koleo ndogo au hata kwa kucha. Usichukue kubwa, kipande kama ukucha wa kidole kidogo kinatosha kabisa. Weka tone la maji kwenye slaidi, tandika ngozi juu yake, hakikisha haijajikunja, ikijikunja utaona seli juu ya seli na hutaelewa kitu. Ongeza tone la iodini. Alafu kava slipu, kile kioo chembamba cha kufunikia, na hapa ndo wengi wanakosea, wanaidondosha bapa kama wanafunika sufuria. Usifanye hivo. Simamisha ukingo mmoja kwenye maji kwanza, alafu ilaze polepole kwa sindano au kijiti, hewa itoke upande wa pili.

Usipofanya hivo utapata mapovu. Na nawaambia hili kwa uzito wote kwasababu nimeshaona madaftari mengi, povu la hewa kwenye hadubini ni duara zuri mno, lina mpaka mweusi mnene na katikati peupe panang'aa, na mwanafunzi aliyekariri kwamba seli ni duara akiliona anafurahi, anachora, anaweka na mshale anaandika utando wa seli, yani ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Seli ya kitunguu haina mviringo ule. Ni ndefu, ina kona, imebanana na wenzake kama matofali ya kuchoma yaliyopangwa ukutani. Ukiona duara lenye mpaka mweusi mnene, hiyo ni hewa, iache, sogeza slaidi.

Sasa hadubini yenyewe. Ukiibeba, mkono mmoja ushike ule mkono wake na mwingine uwe chini ya kitako, kama unavyobeba mtoto mchanga. Weka mezani mbali na ukingo. Kama ni ya kioo, elekeza kioo dirishani kwenye mwanga wa mchana, usikielekeze kwenye jua lenyewe hata siku moja, jicho lako litaungua na halitapona. Hii ya kioo msiidharau mkiiona imezeeka, umeme ukikatika ndo inayofanya kazi wakati zile za balbu zimelala.

Unaanza na lenzi fupi, ya mara 4. Kila mtu anataka kukimbilia ile ndefu ya mara 40, hapana. Na ile fupi unaona eneo kubwa, unachagua sehemu nzuri, ni kama ukiwa juu ya miamba ya Capri Point unaona mji wote kabla hujaamua unashukia wapi. Chungulia kwa pembeni, sio kwenye lenzi, kwa pembeni, huku unapandisha meza ya slaidi na skrubu kubwa mpaka ikaribiane na lenzi bila kugusa. Alafu sasa weka jicho, na uizungushe kinyume, ziachane polepole mpaka picha itokee. Kila mara unatafuta picha kwa kuziachanisha, sio kwa kuzikaribisha, sababu ukizikaribisha huku jicho liko juu huoni unapogonga. Ukishaipata, zungusha uje kwenye mara 10, rekebisha kidogo, alafu mara 40, na hapo skrubu kubwa usiiguse tena kabisa, tumia ndogo tu. Lenzi ya mara 40 inakaa juu ya kava slipu kwa nafasi isiyofika milimita moja. Zungusha ile kubwa kidogo tu, kraa, kava slipu imepasuka na lenzi imechubuka, na hiyo lenzi hakuna duka la mtaani litakalokuuzia.

Macho yote mawili yaache wazi. Najua mwanzoni ni ngumu, unataka kufumba moja, lakini ukifumba kwa dakika kumi kichwa kitauma. Na ukisogeza slaidi kulia utaona picha inakwenda kushoto, ukiisogeza mbele inarudi nyuma. Haijaharibika hiyo, ndo lenzi zinavyofanya, zinageuza juu chini na kulia kushoto. Kata herufi e kwenye gazeti uiweke utaona mwenyewe.

Haya, na utaona nini? Kuta, mistari iliyonyooka. Ndani ya kila tofali kuna kidoti cha rangi ya njano kahawia kimekolea kuliko kwingine, mara nyingi kimesukumwa pembeni kimeegemea ukuta, hicho ndo kiini. Vitabu vinakiweka katikati, wewe ukikiona pembeni kichore pembeni, na jiulize kwanini. Kiko pembeni sababu katikati pamejaa vakuoli, mfuko mkubwa wa maji, umesukuma saitoplazimu yote, ule ute wa ndani ya seli, ikabanana ukingoni. Kloroplasti, zile chembe za kijani zinazotengeneza chakula kwa jua, hutaziona, na ukiniuliza mbona ni mmea, nitakuuliza kitunguu kinakaa wapi? Chini ya udongo, hakuna jua. Ukizitaka, chukua jani la magugu maji, yapo tele hapo ufukweni, bandua ngozi ya jani utaona vinywa vidogo vyenye midomo miwili kama maharage, hivyo vya midomo vina chembe za kijani ndani yake.

Utando wa seli je? Hapo watu wanachora mistari miwili, wa ukuta na wa utando, na kwa kweli hawajauona, maana umegandamana na ukuta. Ila kuna namna ya kuuona na mimi naipenda kuliko zote. Safari hii chukua ngozi ya upande wa nje wa gamba, ile ya zambarau, na usiweke iodini, sababu iodini inaua seli na seli iliyokufa haitafanya ninachowaambia. Weka kwenye maji ya kawaida uangalie, kila tofali limejaa zambarau mpaka ukutani. Alafu changanya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu glasi ya maji, dondosha tone ukingoni mwa kava slipu na upande wa pili weka kipande cha tishu kivute maji. Angalia, usiondoke. Dakika chache tu utaona ile zambarau inaanza kuachia kona, inajivuta, inajikusanya katikati kama mtu anayekunja shuka, na ukuta unabaki wazi pale pale ulipokuwa. Ule ukingo wa zambarau uliojivuta ndo utando. Umeuona. Sasa una haki ya kuchora mistari miwili.

Na mama zangu mnaouza kayabo mnajua hili siku nyingi. Sangara ukimkandika chumvi anatoa maji mpaka yanachuruzika chini ya kichanja, si ndio? Ni kilekile, chumvi iliyoko nje inayavuta maji yaliyoko ndani ya seli yapite kwenye utando. Na bakteria wa kuozesha anayetua juu ya yule samaki naye anakamuliwa maji hivohivo, ndo maana kayabo inasafiri mbali bila kuoza.

Seli ya mnyama chukueni shavuni, kila mtu shavu lake, kijiti safi, unakwangua kwa ndani taratibu, unapaka kwenye slaidi na tone la rangi. Kijiti kikitumika kinaingia kwenye maji ya klorini, hakuna kuachiana kijiti. Utaona vitu kama vipande vya chapati vilivyokunjwa kunjwa kingo, havina ukuta, kiini kiko kati. Kimoja kina upana wa kama maikromita 60. Chembe nyekundu ya damu ni ndogo zaidi, maikromita 7 au 8 tu, na hiyo haina kiini kabisa ikishakomaa. Mimi vimelea vya malaria naviona ndani yake, pete ndogo ndani ya chembe ambayo yenyewe ni ndogo hivyo, na nikiiruka kwa uvivu mgonjwa anarudi nyumbani bila dawa.

Kitu kingine kifanyeni leo hii, hakina gharama. Weka rula ya plastiki ile yenye milimita chini ya lenzi ya mara 4, hesabu zinaonekana milimita ngapi toka ukingo hadi ukingo. Kwa hadubini nyingi utapata kama 4 na nusu. Ukihamia mara 10 eneo linapungua, 4 na nusu mara nne gawa kwa kumi, ni 1.8. Sasa hesabu seli ngapi za kitunguu zimejipanga kwa urefu hapo. Zikiwa tano au sita basi kila moja ina kama theluthi ya milimita. Umepima seli kwa rula ya dukani. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilipopata hiyo namba mwenyewe nililala nikiifikiria.

Nije kwenye ziwa letu, na hapa nawaomba wazazi mnisikilize zaidi. Najua mkishazoea hadubini mtataka kuangalia maji ya ziwa kama yule muuza vitambaa, na nataka muangalie. Ila yeye ziwa lake halikuwa na kichocho. Letu linacho. Kila wiki naona mayai ya kichocho cha tumbo kwenye choo cha watoto wa mialoni, yai refu, linafika kama milimita 0.15, lina mwiba umechomoza ubavuni, na likiwa bichi unaona mtoto wa mnyoo anacheza mle ndani. Yai hilo likiingia ziwani linapasuka, mdudu anaingia kwenye konokono, anazaliana humo, wanatoka wengine wenye mikia wanaoogelea kutafuta ngozi ya mtu. Hauhitaji kunywa, ukisimama tu magotini dakika kadhaa wanapenya. Kwahiyo mwanafunzi asiingie majini kuchota sampuli. Funga chupa kwenye mti mrefu, chota ukiwa juu ya gati au ndani ya mtumbwi, vaa glavu, na maji yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kabla hamjayagusa, maana hao wenye mikia hawaishi muda mrefu bila mtu.

Na yale maji yanayogeuka kijani kama rangi ya kupaka ukuta, siku zisizo na upepo, mnayaona pale ghubani? Wengi wanasema ni mwani. Weka tone chini ya lenzi mara 400, utaona mafungu ya vidoti vimegandamana kama ute, au nyuzi kama shanga zilizotungwa. Tafuta kiini ndani ya hivyo vidoti. Hakuna. Hao ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa jua, Microcystis na Anabaena ni miongoni mwao, na seli ya bakteria haina kiini kilichozungushiwa utando, vinasaba vyake viko tu mle ndani. Mkisoma darasani kwamba seli ni za aina mbili, zenye kiini na zisizo nacho, hiyo ya pili iko hapo mita mia mbili toka getini kwenu. Baadhi yao wanatoa sumu ya ini, na kuchemsha hakuiondoi hiyo sumu, kwahiyo maji yaliyotanda kijani msichote ya kupikia hata kama mtayachemsha masaa.

Walimu wangu, nawaheshimu na najua darasa moja lina watoto wengi na hadubini ni chache. Hata hivyo naomba kabati lifunguliwe. Hadubini iliyofungiwa huku ziwani inaharibika haraka kuliko inayotumika, unyevu unaingia, ukungu unaota kwenye lenzi kama nyuzi za buibui, na ukishakula kioo hautoki. Ikae mahali pakavu penye hewa, imefunikwa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya msivitupe, viwekeni kwenye boksi lake. Lenzi msifute kwa kanga wala kwa shati, kuna mchanga humo, itachubuka. Pamba safi laini au karatasi ya lenzi. Wanafunzi mia wakipanga foleni, kila mmoja dakika mbili, ni masaa matatu na kitu, Jumamosi moja tu. Mimi niko tayari kuja Jumamosi hiyo, mkuu wa shule nimeshamwambia na namba yangu anayo.

Wazazi, mtoto akirudi nyumbani akaomba kitunguu kimoja na chumvi kidogo, mpeni tu.

Nimezidisha muda, naona mwalimu wa zamu anaangalia saa. Haya, meza ziko tatu, hadubini ya kwanza ina kitunguu chenye iodini, ya pili kitunguu cha zambarau na chumvi iko pembeni yake, ya tatu nimekuja na slaidi yangu ya yai la kichocho, imeshafunikwa na kukaushwa, haina hatari. Wadogo zangu saba mlionyoosha mikono mwanzo, nyie mtasimama mmwelekeze mwenzenu asiyejua skrubu ipi ni ipi, ila msimwambie ataona nini. Wewe dada wa mbele mwenye sweta la bluu, njoo uanze. Na penseli ziacheni hapohapo mlipokaa.